Mkebe wa Baba na Pesa ya Mawese



Barua ya safari hii imetoka Kabambare. Ni karatasi mbili za daftari la shule, zimeandikwa kwa biki ya buluu pande zote, zikabebwa na mwenye pikipiki mpaka Kasongo, ndipo zikanifikia. Aliyeandika ana miaka 28, ana mke na watoto wawili, na anauza yuniti za simu pembeni ya soko. Jina lake ninalo na litabaki kwangu. Nimeikata barua mahali mahali kwa sababu ya nafasi:

"Yaya, baba yangu alifariki mwaka jana, akaniachia mkebe wa biskuti. Ndani mna picha za wachezaji mpira wa zamani, wa klabu ya Englebert na wa timu ya taifa ya wakati wa Zaire. Nyingine alizikata kwenye magazeti, nyingine ni za studio, nyeusi na nyeupe, na nne ni zile ndogo za albamu ya Kombe la Dunia. Mama anasema tulipokimbilia porini mwaka 1998, mimi nikiwa mgongoni, baba aliuficha mkebe huu ndani ya gunia la mchele. Tangu niupate moyo wangu hautulii. Nataka nizikamilishe. Mwezi wa nne nilimpata mtu kwa simu, akasema anazo picha za wachezaji wote wa timu ya taifa, Léopards, wa 1974. Nilichukua pesa ya mawese ya mke wangu nikamtumia. Zilizokuja ni fotokopi za rangi. Mke wangu alilia, na mpaka leo hasemi nami. Anataka nizichome zote. Ndugu yake anasema nisichome, niuze Bukavu, kwa sababu Wazungu wananunua picha kama hizo kwa maelfu ya dola. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, nianze na pesa. Picha zimengoja miaka hamsini, hazitashindwa kungoja kidogo.

Umekulia Kabambare, huhitaji kuambiwa bidoni moja ya mawese inapatikana vipi. Ngazi zinakatwa, zinachambuliwa, zinachemshwa, zinatwangwa, zinakamuliwa. Mama anakaa kwenye moshi tangu alfajiri, na jioni viganja vyake vimekuwa vyekundu mpaka ndani ya mistari. Halafu bidoni inapanda mgongoni, kamba ikikaza paji la uso, mpaka sokoni. Pesa hiyo uliichukua bila kumwambia. Usitafute neno laini la kuifunika. Umemwibia mkeo.

Mrudishie, na umrudishie faranga, maana maneno ameshayasikia. Kila jioni ukifunga meza yako ya yuniti, hesabu faida, toa sehemu uliyojipangia, iweke mkononi mwake, naye ndiye ahesabu. Mpaka deni liishe usinunue picha hata moja, hata ukipewa kwa bei ya andazi. Na utakapomwomba msamaha, taja kitendo chenyewe. Usianze na "nilidanganywa." Aliyedanganywa ni wewe, yeye aliibiwa. Ni vilio viwili tofauti, na wanaume wengi wanaoniandikia wanavichanganya.

Sasa, kuchoma. Hapana, tafadhali. Wifi yangu, najua utasomewa barua hii, au utaisoma mwenyewe baada ya yeye kulala. Hasira yako ina haki. Lakini aliyekukosea ni mumeo, na mkebe ni wa baba mkwe wako. Fikiria watu walivyokimbia mwaka ule: sufuria, mkeka, mtoto, chumvi ukibahatika. Mzee yule aliona mchele na picha vinastahili gunia moja. Ukizichoma leo, deni unalomdai litabaki palepale, na wanao watakuwa wamekosa kitu ambacho hakuna soko linalokiuza.

Nije kwa shemeji na maelfu yake ya dola. Hakutunga. Marekani kuna mchezo wa besiboli, wa gongo na mpira mdogo mgumu, na kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa huko wamekuwa wakikusanya kadi zenye picha za wachezaji wa timu wanazozipenda. Zamani kadi hizo zilitiwa ndani ya pakiti za sigara, baadaye zikauzwa pamoja na chingamu. Ipo kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh, iliyochapishwa kati ya 1909 na 1911, ambayo nakala yake moja iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25. Mwaka huohuo kadi ya Mickey Mantle ya kampuni ya Topps, ya mwaka 1952, ilifika dola milioni 12.6. Sasa sikiliza kilichotokea katikati. Kadi za 1952 hazikuisha dukani. Zilikaa ghalani miaka, hakuna aliyezitaka, mpaka mwaka 1960 mtu wa Topps mwenyewe akazipakia kwenye boti akazimwaga baharini, nje ya New York. Zilizopona ni zile ambazo watoto walikuwa wamezinunua, na katika hizo, chache mno zilibaki safi kama siku zilipotoka kiwandani. Bei ile kubwa imetokana na mambo matatu yaliyokutana: chache zimebaki, hii moja haikuchafuka, na matajiri wengi wanaitaka hiyohiyo.

Zako, mdogo wangu, zimeguswa. Umenitumia picha zake kwa simu na nimezikuza nikaziangalia moja moja. Ile ya kipa nimeikalia saa nzima. Pembe ya juu kulia imeliwa, pengine na mende. Chini kuna alama ya kidole gumba, ya rangi ya machungwa, mistari yake bado inaonekana: mawese. Nyuma kuna ganda la uji wa muhogo uliokauka, maana baba yako aliwahi kuibandika mahali kisha akaibandua kwa subira, bila kuichana. Na juu ya ganda hilo, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mapadri: "Kazadi R., Lubumbashi." Mnunuzi wa mbali atakuambia ina kasoro nne. Usiende Bukavu kwa ajili yake. Nauli na siku za njiani zitakula kuliko utakacholipwa.

Lakini soma tena maneno yale ya penseli, kwa sababu hapo mkebe unaanza kusema. Huyu ni Robert Kazadi, kipa wa Englebert na wa timu ya taifa. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliamuru watu waache majina ya ubatizo wachukue ya Kiafrika, na tangu hapo akaandikwa Kazadi Mwamba. Joseph Mwepu akawa Mwepu Ilunga. Raymond Bwanga akawa Bwanga Tshimen. Nao mji wa Élisabethville ulianza kuitwa Lubumbashi mwaka 1966. Kwa hiyo, kama baba aliandika siku zilezile alizoipata, picha hii ni ya kati ya 1966 na 1972. Umeipa umri wake bila kumlipa mtaalamu yeyote. Fanya hivyo kwa kila moja. Ukiona "Zaire," ni baada ya Oktoba 1971 na kabla ya Mei 1997. Ukiona "Englebert," ni enzi ile timu ilipokuwa bado na jina la kiwanda cha matairi, kabla haijawa Mazembe.

Na miaka hiyo ilikuwa miaka gani! Timu iliyoanzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto kwa ajili ya wanafunzi wao ilichukua kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967, ikalichukua tena 1968. Hakuna klabu iliyokuwa imelichukua miaka miwili mfululizo kabla yao. Mwaka 1968 huohuo timu ya taifa, Kazadi akiwa mmoja wao, ilikwenda Addis Ababa ikaifunga Ghana 1-0 katika fainali ya Kombe la Afrika, kwa bao la Pierre Kalala. Baba yako aliyapata hayo kwa redio. Kabambare ya wakati huo hakuna aliyemwona Kazadi akiruka, watu walisikia tu sauti ya mtangazaji ikipanda. Picha ndogo ya karatasi ndiyo iliyompa uso mtu aliyekuwa sauti. Ndiyo maana aliiangalia mara nyingi mpaka mafuta yakaingia.

Unasema unataka kuzikamilisha. Hapo nina wasiwasi nawe. Hizo nne ndogo ni za Panini, watu wa Modena, Italia: ndugu Giuseppe na Benito walikuwa wakiuza magazeti, mwaka 1961 wakatoa albamu ya wachezaji wa Italia, na mwaka 1970 wakatoa albamu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia. Ya mwaka 1974, ya Munich, ndiyo yenye Léopards wetu. Siri ya albamu ni zile nafasi zenye namba. Nafasi tupu ni kama jino lililong'oka. Ulimi hauachi kuipapasa. Walioitunga walijua hivyo, na mtoto wa Italia mwenye senti za peremende aliweza kubadilishana na wenzake shuleni mpaka akajaza. Wewe uko Kabambare peke yako na nafasi zako tupu, na aliye upande wa pili wa simu anausikia ulimi wako ukipapasa. Aliposema "ninazo zote," alikuwa amekwisha kukujua.

Achana na "zote." Jiwekee duara dogo unaloweza kulizunguka kwa miguu. Mimi ningechagua hili: wachezaji wa baba. Wale tu waliomo mkebeni, kila mmoja apate jina lake kamili, timu yake, mwaka, na kisa kimoja cha kweli. Ukimaliza hilo, ndipo ufikirie kuongeza. Huenda ikakuchukua miaka mitatu na isikugharimu zaidi ya daftari, kalamu na vikombe vya chai.

Chukua Ndaye Mulamba. Katika orodha uliyonitumia umeandika "Ndaye, mfungaji." Hiyo haitoshi kwa mtu kama yule. Machi 1974, Misri, alifunga mabao tisa katika Kombe moja la Afrika, na hadi leo hakuna aliyemfikia. Fainali ya kwanza na Zambia iliisha 2-2, mabao yote mawili ya Zaire ni yake. Wakarudiana baada ya siku mbili, Zaire ikashinda 2-0, na yote mawili ni yake tena. Miaka ishirini baadaye alikwenda Tunisia kuheshimiwa, akarudi nyumbani, majambazi wakamvamia na kumpiga risasi mguuni. Akaishia Afrika Kusini, akiishi maisha ya shida Cape Town. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika nzima kumwomboleza, kwa sababu habari zilisema amekufa. Alikuwa hai. Alikufa Januari 2019, huko huko Afrika Kusini. Mtu wa mabao tisa aliombolezwa akiwa anapumua, na bara zima halikuwa na wa kulisahihisha. Andika hayo yote katika daftari lako, mdogo wangu, kwa mkono wako.

Na Mwepu Ilunga. Picha yake dunia imeiona: 22 Juni 1974, mchezo na Brazil, mpira wa adhabu umewekwa, Wabrazil wanajiandaa, ghafla Mwepu anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali. Walimcheka miaka arobaini, wakasema Mwafrika hajui sheria. Mwepu mwenyewe alieleza kwamba sheria alizijua vizuri kabisa. Kumbuka walikuwa wametoka kufungwa na Scotland 2-0 na Yugoslavia 9-0, pesa walizoahidiwa hawakuzipata, na hofu ya watakachokutana nacho nyumbani ilikuwa imewakaa kooni. Kazadi wetu wa alama ya mawese naye alikuwapo katika ile mechi ya mabao tisa: alitolewa dakika ya 21, mabao yakiwa matatu, akaingia Tubilandu. Ninajua wazee wa Kasongo ambao mpaka leo hawataki mechi ile itajwe mezani. Waulize hata hivyo, kwa adabu, na uandike wanachosema na wanachokataa kusema.

Nina sababu ya kung'ang'ania majina. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe ilipita Kabambare, pale pale unapouza yuniti. Vitabu vya wakati ule vinawataja wenye misafara kwa majina yao na ya baba zao, lakini wapagazi vinawataja kwa hesabu: mia moja, mia tatu, mia sita. Babu zetu ni hesabu. Kila ninapoona picha ya mtu wa kwetu isiyo na jina nyuma, najua imebaki hatua moja awe hesabu naye.

Sasa kuhifadhi, kwa sababu hali ya hewa yetu inakula karatasi kuliko mchwa. Mkebe ni mzuri, endelea nao, ila usiuweke chini wala usiuegemeze ukutani. Matofali ya udongo yanafyonza maji wakati wa mvua. Uweke juu ya rafu, mbali na jiko. Yale magamba ya uji wa muhogo ndiyo yanayowaita mende, lakini usijaribu kuyalowesha wala kuyakwangua, utaondoka na picha. Acha yalivyo, na kila picha ifunge katika karatasi nyeupe safi peke yake, ili uchafu wa moja usiende kwa nyingine. Wenye maduka ya viatu hutupa vile vifuko vidogo vyenye punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi. Waombe. Viweke viwili au vitatu mkebeni, ubadilishe vikishazeeka. Kila baada ya mvua kubwa, siku ikiwa kavu, fungua mkebe kivulini saa moja. Kivulini, si juani. Jua la saa sita linakula rangi.

Kuna kitu ambacho najua kinakuvuta: ile mashine ya kuplastifia vyeti na kadi za uchaguzi. Usipeleke picha huko. Moto ule unaweza kuiharibu palepale, na ikishafungwa hutaitoa tena milele. Gundi ya skochi nayo usiiguse. Baada ya miaka michache inageuka kahawia na kubaki ndani ya karatasi. Biki usiandikie nyuma ya picha, wino wake unatokea mbele. Penseli laini, pembeni, bila kukandamiza, na maelezo marefu yawe daftarini.

Halafu zipige picha zote kwa simu, mbele na nyuma, mwangani, na umtumie ndugu mmoja Kindu na mwingine Lubumbashi. Sihitaji kukueleza wewe wa Kabambare kwa nini kitu kisiwe mahali pamoja. Baba yako alibahatika na gunia. Na kukimbia kwingine kutakakokuja, Mungu atuepushe, kutakukuta na watoto wawili wa kubeba.

Deni likiisha, na wifi yangu akikubali kwa kinywa chake mwenyewe, unaweza kununua moja moja. Nunua unachokishika. Nenda kwa mnunuzi wa dhahabu unayemfahamu, mwombe lenzi yake ya kukuzia, uangalie karatasi. Picha halisi ya studio haina vidoa kabisa. Kivuli kinaingia kwenye mwanga taratibu kama jioni. Picha ya gazeti au ya albamu ina vidoa vidogo vilivyojipanga kwa mpangilio, safu kwa safu. Moja ya zile fotokopi ulizotumiwa, iangalie nayo pia kwa lenzi: utaona unga, chembe zake nyingine zimetawanyika ovyo, na kama picha iliyonakiliwa ilikuwa imekunjwa, utaona hata mikunjo ya karatasi ya zamani imechapwa juu ya karatasi mpya iliyo nyoofu. Pitisha kidole: mkunjo unaonekana lakini hausikiki. Usiitupe fotokopi hiyo. Andika "nakala" nyuma yake kwa herufi kubwa, uitunze ikufundishe jicho.

Lakini kabla ya kununua chochote, zunguka. Walimu wastaafu, makatekista, waliofanya kazi reli, wajane wao. Magazeti kama Elima na Salongo yalifika mpaka kwetu, yakasomwa, kisha yakafungia karanga au yakabandikwa ukutani kuzuia upepo. Nimeona kwa macho yangu ukuta wa chumba huko Kasongo wenye timu nzima imesimama mistari miwili nyuma ya kitanda cha bibi mmoja. Sikumwomba aibandue. Nilimwomba ruhusa ya kuupiga picha, akasimulia mchana kutwa. Ndivyo ufanye. Mtu akikupa, pokea kwa mikono miwili na uandike jina la aliyekupa. Asipokupa, pokea hadithi.

Na usikusanye ya zamani tu. Msimu wa 2024/25 timu yetu ya Kindu, Maniema Union, ilicheza makundi ya klabu bingwa Afrika, kundi moja na Mamelodi Sundowns, Raja na FAR Rabat. Hiyo ni timu iliyoanzishwa mwaka 2005, mtoto mdogo ukiilinganisha na wale. Nani Kabambare ametunza tiketi moja, bango moja, ukurasa mmoja wa gazeti, picha moja iliyosafishwa kwenye karatasi badala ya kubaki kwenye simu itakayoanguka mtoni? Baba yako angekuwa ameshatafuta. Mwanao wa kwanza ana umri wa kutosha kuandika. Mpe yeye ukurasa huo wa daftari.

Nimeacha kwa makusudi ile picha ya kundi, uliyoitaja mwishoni kabisa mwa barua. Wachezaji kumi na mmoja, nyeusi na nyeupe, wamevaa soksi zilizovutwa mpaka magotini, nyuma yao miti. Juu ya kichwa cha wa pili kutoka kushoto, waliosimama, baba ametia msalaba mdogo wa penseli. Hakuna jina. Unauliza kama mimi ninamjua. Nimeangalia mpaka macho yameuma, nikawaonyesha watu wawili wanaoupenda mpira kuliko mimi, na hatukumtambua. Miti ile haionekani kama ya uwanja wa mjini. Inawezekana kabisa si Englebert wala si Léopards, ni timu ya kwenu.

Unasema rafiki wa baba, mwalimu, bado yuko Kasongo na macho yake yanafifia. Basi usingoje kiangazi. Mwambie mkeo ukweli wa safari, muulize kama ana bidoni za kupeleka, zipakie wewe na ulipie pikipiki wewe. Yeye akiwa sokoni na mafuta yake, wewe keti na mzee nje, asubuhi, wakati mwanga bado haujamchoma macho. Mpe ile lenzi. Usimtajie jina lolote la kumtangulia. Muulize tu: "Papa, huyu wa msalaba ni nani?" Kisha nyamaza, hata akikaa kimya muda mrefu.